Gololi Zinazoganda na Kuyeyuka: Kutengeneza Kitikisio cha Sabufa na Kupima Badiliko la Hali

Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 3 hailijui joto la chumba. Ili ipande juu kwa kimo chake chenyewe tu, inahitaji nishati kubwa takriban mara trilioni elfu moja kuliko ile ambayo joto la chumba huipa molekuli moja ya hewa. Ndiyo sababu rundo la mchanga hubaki rundo mwaka mzima. Ukitaka chembe kubwa ziishi kama molekuli, yaani zigande, ziyeyuke, zitawanyike kama gesi, lazima uzitikise, tena bila kukoma, kwa kuwa kila mgongano hula sehemu ya nishati. Ukizima mtikisiko, "gesi" yote hulala sakafuni chini ya sekunde moja.

Hapa tunajenga kitikisio kimoja na kukifanyia majaribio mawili. La kwanza ni gololi za tabaka moja zinazojipanga kuwa fuwele idadi yake ikiongezeka. La pili ni gololi ndani ya kisanduku chenye vyumba, ambazo hujikusanya upande mmoja mtikisiko ukipungua. Kuyaona mambo haya ni rahisi. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba ulichokiona ni badiliko la hali kweli (kama maji yanapokuwa barafu), si meza iliyoinama, si sumaku ya spika, wala si umeme tuli. Hatua nyingi zilizo hapa chini zipo kwa ajili hiyo.

Vifaa

- Sabufa ya gari ya inchi 10 au 12. Spika ndogo ya inchi 6 au 8 huzama kwa uzito wa kisanduku, na koili yake ikianza kugusa chuma utasikia mkwaruzo.
- Amplifaya ya wati 50 au zaidi, na simu yenye programu ya kutoa toni ya frikwensi moja. Zima ekwalaiza na kila kiongeza besi, kwenye simu na kwenye amplifaya.
- Gololi za inchi 1/8 (mm 3.175), 700 hivi. Mafundi baiskeli na wauza beringi huwa nazo. Zote ziwe za saizi moja, maana ukichanganya saizi mbili, fuwele haitatokea.
- Bamba la alumini la mm 3, sentimita 11 kwa 11. Akriliki ya mm 5 yenye ukubwa huohuo, iliyotobolewa tundu la duara la mm 90 katikati. Akriliki angavu ya mm 3 kwa kifuniko. Fundi wa mabango mwenye mashine ya leza hukata akriliki zote mbili kwa dakika chache.
- Bomba la PVC la inchi 2, urefu wa sentimita 15, gundi ya epoksi, bolti nne nyembamba, pimamaji, multimita, na mizani inayosoma gramu 0.1.

Bomba hilo la sentimita 15 usiliache kwa kuona ni urembo. Sabufa ina sumaku kubwa, na gololi za chuma zikikaa karibu na koni hugeuka sumaku ndogondogo zenyewe. Zitaungana kama mnyororo wa shanga, nawe utadhani umeona mgando. Ukipata gololi za kioo au za chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku, ni bora zaidi. Ukiwa na za chuma cha kawaida, jaribu hivi: weka gololi mbili juu ya kioo safi, zikigusana, kisha isukume moja taratibu iachane na nyingine. Ya pili ikifuata, zimeshika sumaku.

Kujenga

1. Laza sabufa chali kwenye fremu nzito ya mbao. Iwekee matofali mawili juu ya fremu, la sivyo kitakachotikisika ni meza.

2. Gundisha bomba la PVC katikati ya koni kwa epoksi. Kabla gundi haijakauka, hakikisha limesimama wima pande zote mbili. Liache saa 24.

3. Funga nyuzi nne za kuvulia samaki kutoka kichwa cha bomba hadi pembe za fremu, zikiwa zimelala mlalo na kukazwa kiasi. Huzuia bomba kuyumba pembeni bila kulizuia kupanda na kushuka. Bila nyuzi hizi kisanduku huyumbayumba kidogo kidogo, na gololi huanza kuzunguka kama maji kwenye beseni.

4. Ikwaruze sakafu ya alumini kwa msasa namba 80, ukizungusha mkono kwa miduara. Ukisugua kuelekea upande mmoja, mikwaruzo inakuwa reli na gololi zitaifuata. Sakafu inayong'aa haifai pia: gololi hupanda na kushuka palepale bila kusambaa pembeni. Ukwaruzo mdogo ndio unaogeuza mwendo wa wima kuwa mwendo wa kila upande.

5. Panga alumini chini, akriliki yenye tundu katikati, kifuniko juu, kisha kaza bolti nne. Kisanduku hiki ndicho kinachokaa imara juu ya bomba. Nafasi kutoka sakafu hadi kifuniko sasa ni mm 5, sawa na vipenyo 1.6 vya gololi. Kipimo hiki kina maana. Nafasi ikifika vipenyo 2, gololi hupandiana na tabaka linakuwa mawili. Ikiwa 1.1, gololi hazina pa kurukia. Na kwenye 1.75 hivi, gololi zikiwa nyingi, huweza kujipanga tabaka mbili kwa mraba badala ya pembesita, jambo lililochunguzwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Ni zuri, lakini si unalolitafuta leo.

6. Unganisha alumini na ardhi kwa waya mwembamba mlaini. Futa kifuniko kwa kitambaa chenye tone la sabuni ya vyombo, kiache kikauke bila kukisugua. Umeme tuli ukiwepo utaona gololi chache zimening'inia kwenye kifuniko hata mtikisiko ukizimwa. Miezi ya ukame tatizo hili huzidi.

Kupima mtikisiko

Kipimo kikuu ni Γ, yaani mchapuko wa juu kabisa wa sakafu ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia:

Γ = 4π² f² A / 9.81

ambapo f ni frikwensi kwa Hz na A ni amplitudo kwa mita, yaani umbali wa sakafu kutoka katikati hadi kileleni. Chini ya Γ = 1 sakafu haiwezi kuiacha gololi iliyotulia.

Tumia Hz 55, usitumie 50. Umeme wa gridi wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, na mvumo wake huingia kwenye amplifaya. Ukitikisa kwa 50 hutaujua mchango wake. Kwa 55, mvumo hujifichua wenyewe: mtikisiko unapanda na kushuka mara 5 kwa sekunde. Ukiona hivyo, badilisha waya za ingizo au tumia betri ya gari.

Kwa Hz 55, Γ = 1 ni amplitudo ya mm 0.082 tu. Jicho halioni hilo, kwa hiyo tumia kabari ya karatasi. Chora pembetatu nyeusi ya mlalo yenye urefu wa mm 100, inayoanza kwenye ncha na kuishia kwa unene wa mm 2, uibandike ubavuni mwa kisanduku. Ikitikisika, jicho huona kabari mbili, moja juu na moja chini, na sehemu nyeusi zinapoachana ndipo unene wa kabari unalingana na safari nzima ya sakafu. Kila mm 50 kutoka nchani ni mm 1 ya safari. Safari nzima ni 2A, hivyo kwa Γ = 1 mahali hapo ni mm 8 kutoka nchani, na kwa Γ = 4 ni karibu mm 33.

Njia ya pili ni ya sikio, nayo ni sahihi kuliko wengi wanavyotarajia. Weka gololi moja tu kisandukuni. Panda na sauti polepole mpaka usikie mlio wa kwanza wa kugongagonga: hapo ndipo Γ imepita 1. Soma volteji ya AC kwenye ncha za spika kwa multimita. Volteji hiyo mara nne ni Γ = 4, mradi frikwensi na mzigo havibadiliki. Hakikisha kwa kabari. Majibu mawili yakipishana zaidi ya asilimia 10, spika imezidiwa au kuna kitu kimelegea.

Katika kupima, panda tu, usishuke. Gololi ambayo tayari inaruka huendelea kuruka hata chini ya Γ = 1, kwa sababu hukutana na sakafu ikiwa inapanda na kusukumwa upya. Kwa gololi inayorudi na asilimia 90 ya kasi yake, hesabu inaruhusu kuruka kuendelee hadi Γ ya 0.17 hivi. Ukitafuta "1" kwa kushuka utapata namba ya uongo.

Usitegemee kihisi mchapuko cha simu. Uzito wa simu hubadilisha mzigo, na baadhi ya simu husoma mara 100 hivi kwa sekunde, jambo ambalo kwa mtikisiko wa Hz 55 hutoa wimbi lisilokuwepo. Kihisi kidogo cha ADXL345, kinachosoma hadi g 16 na mara 3200 kwa sekunde, kinafaa.

Mwisho, usawa. Pimamaji hukufikisha karibu tu. Weka gololi 30, tikisa kwa Γ = 2, piga picha 40 kila baada ya sekunde 5, hesabu ngapi ziko kila robo ya duara. Robo moja ikizidi katika picha nyingi, ongeza karatasi moja chini ya mguu wa upande huo, rudia. Inachosha, lakini mteremko ambao pimamaji haiuoni unatosha kuzileta gololi zote upande mmoja.

Jaribio la kwanza: kimiminika kuwa fuwele

Hapa Γ haibadiliki, inabaki 4. Kinachobadilika ni φ, sehemu ya sakafu inayofunikwa na gololi zikitazamwa kutoka juu. Hesabu yake ni nyepesi: N = φ (D/d)², D ikiwa kipenyo cha duara na d cha gololi. Kwa mm 90 na mm 3.175, (D/d)² ni 803. Gololi moja ina gramu 0.131, kwa hiyo zipime kwa mizani badala ya kuhesabu:

φ 0.50 ni gololi 402, gramu 52.5
φ 0.60 ni gololi 482, gramu 63.0
φ 0.65 ni gololi 522, gramu 68.2
φ 0.70 ni gololi 562, gramu 73.5
φ 0.75 ni gololi 603, gramu 78.8

Anza na 0.50. Washa, acha dakika 5, kisha piga picha kutoka juu kwa namna mbili: picha 20 za kasi, na picha 5 ambazo lenzi imeachwa wazi sekunde 2. Mwanga uwe wa mchana au wa tochi ya betri. Taa za gridi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kwa mtikisiko wa Hz 55 huweza kuonyesha mwendo usiokuwepo.

Picha za lenzi wazi ndizo zitakazokuambia ukweli bila kompyuta. Katika kimiminika, kila gololi imeacha mchirizi, na michirizi imeingiliana. Katika fuwele, kila gololi ni doa lililotengana na jirani zake, kwa kuwa imefungwa na majirani sita na inatetemeka ndani ya kizimba chao. Ukiongeza gololi 20 kwa kila hatua, utaona visiwa vya madoa vikizaliwa katikati ya michirizi, vikiyeyuka, vikirudi, mpaka vinashika.

Mwaka 2006 Reis, Ingale na Shattuck, wakiwa City College of New York, walitikisa gololi za chuma katika nafasi ya vipenyo 1.6 na kukuta kimiminika kinaanza kupoteza umbo lake φ ikiwa karibu 0.65, na fuwele inakamilika karibu 0.72. Jambo la kuvutia ni kwamba namba hizo ziko jirani na zile za visahani bapa vigumu vya kwenye hesabu, visivyopoteza nishati kabisa, ambavyo vinagandishwa na msongamano peke yake. Yaani kile kinachozipanga gololi hapa ni kukosa nafasi. Hazivutani, hazina gundi. Zikijipanga pembesita kila moja inapata uwanja mkubwa zaidi wa kutetemeka kuliko zikikaa ovyo.

Duara lako ni dogo, kwa hiyo namba zako zitasogea. Ukuta wa duara hulazimisha safu za kwanza kuufuata, na safu za mviringo haziwezi kuoana na pembesita. Usizihesabu safu tatu za ukutani. Anayetaka fuwele safi amwambie fundi akate tundu la pembesita.

Kwa kupima zaidi, chukua picha za kasi, tafuta vitovu vya gololi kwa programu ya bure ya ImageJ, kisha kwa kila gololi chukua pembe za mistari inayoiunganisha na majirani. Zidisha kila pembe kwa 6, tafuta wastani wa kosaini (cos) na wastani wa saini (sin), kisha zidisha kila wastani kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu likikaribia 1 majirani wamejipanga pembesita. Chini ya nusu, wamekaa ovyo. Chora wastani wake dhidi ya φ na mstari utajipinda mahali palepale michirizi ilipogeuka madoa. Kama haviafikiani, tazama picha kwanza kabla ya kulaumu hesabu: mara nyingi gololi mbili zimehesabiwa kuwa moja.

Gololi zikikwama ghafla na kutulia kabisa katika kona moja huku nyingine zikiruka, mtikisiko wako umeshuka. Olafsen na Urbach, wa Georgetown pia, walieleza hali hiyo mwaka 1998: karibu na Γ = 1 na chini yake, kundi la gololi zilizolala hukaa pamoja na gesi inayoizunguka, bila moja kuimaliza nyingine. Ongeza volteji, gololi zitaachana.

Jaribio la pili: vyumba

Ondoa kisanduku cha kwanza. Tengeneza kingine cha akriliki nyembamba, sakafu mm 30 kwa 60, kimo mm 150, chenye ukuta wa kati unaogawa vyumba viwili sawa. Kwenye ukuta kata mwanya wa mm 8 unaoanzia mm 25 juu ya sakafu. Tia gololi 100, tikisa kwa Hz 25 na amplitudo ya mm 3. Chora kabari mpya, nene zaidi: mm 10 kwa mm 100.

Kwenye mtikisiko mkali gololi hupita mwanyani huku na huku, 50 kwa 50. Punguza amplitudo kwa mm 0.1, ngoja dakika 5, zima, hesabu kila upande. Ukifika mahali fulani, upande mmoja huanza kuzidi, na ukiendelea kupunguza unameza karibu zote. Hakuna aliyeuchagua upande huo. Rudia mara 10 na pande zitapokezana. Upande mmoja ukishinda kila mara, kisanduku kimeinama.

Sababu yake ndiyo moyo wa jambo hili. Chumba chenye gololi chache hupeleka ng'ambo chache, kwa kuwa ni chache. Chumba chenye gololi nyingi hupeleka ng'ambo chache pia, kwa kuwa zinagongana sana, zinapoteza nishati, na hazifiki mwanyani. Basi akizidi mmoja kidogo, hupoa kidogo, hutoa kidogo, hupokea zaidi. Mwanafizikia Jens Eggers aliandika hesabu yake mwaka 1999. Kinachotawala hapa ni kasi ya sakafu, 2πfA, wala si Γ, kwa hiyo chora matokeo dhidi ya kasi. Kwa Hz 25 na mm 2, kasi ni mita 0.31 kwa sekunde.

Weka ε kuwa tofauti ya pande mbili ikigawanywa kwa jumla. Chora ε² dhidi ya kasi: karibu na mpaka utapata mstari ulionyooka kiasi unaokata sifuri kwenye kasi ya mpaka. Ukiwa na gololi 100 hutapata kona kali. Karibu na mpaka ε huyumba sana na hubadilika polepole, kwa hiyo hapo ngoja dakika 15 badala ya 5. Pande zikibaki sawa hata mtikisiko ukiwa hafifu, ongeza gololi 20 au shusha mwanya. Ukiona upande mmoja umejaa tangu mwanzo, punguza gololi au ongeza amplitudo.

Sasa weka vyumba vitatu, vikiwa vimepangwa kwa mzunguko ili kila kimoja kipakane na vingine viwili, na gololi 150. Mambo hubadilika tabia. Ukishuka na kasi, gololi hujikusanya ghafla, si polepole. Ukipanda tena, rundo halivunjiki kwenye kasi ileile. Linangoja kasi kubwa zaidi. Katikati ya kasi hizo mbili, hali unayoiona inategemea ulikotoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipima hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pia waligundua kwamba rundo linaloelekea kuvunjika huweza kukaa muda mrefu kana kwamba ni imara, likivuja gololi chache tu, kisha likasambaratika mara moja. Kwa hiyo wakati wa kupanda usikubali jibu la dakika 5. Ngoja nusu saa kwa kila hatua, ukihesabu gololi za vyumba viwili vilivyo karibu vitupu kila dakika 5 bila kuzima. Idadi hiyo ikiwa inapanda, hata kwa gololi moja moja, hatua haijaisha.